Kwaresima ya jumuiya: mwongozo kwa aliyeachiwa daftari

Kila mwaka, wiki moja hivi kabla ya Jumatano ya Majivu, simu yangu huanza kulia. Anayepiga kwa kawaida ni katibu au mwenyekiti mpya wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, mara nyingi aliyechaguliwa siku ambayo hakuwepo kikaoni kujitetea. Maswali ni yale yale: tunaanza lini, tunakutana kwa nani, pesa zinakaa wapi, na je, kuku ni nyama? Nimeshika daftari la jumuiya yetu hapa Kisumu, upande wa Manyatta, muda wa kutosha kuyajibu nikiwa nusu usingizini, kwa hiyo nimeona niyaandike.

Maana ya Kwaresima, zile siku arobaini za toba kabla ya Pasaka, kwa undani mwulize padre au katekista. Hapa nakupa kazi tu. Ila nikuambie mapema ninapoegemea. Jumuiya nyingi huanza kwa kishindo: rozari kila jioni, novena juu ya novena, mfungo wa siku tatu. Ikifika wiki ya tatu wamebaki watu sita, na watano kati yao ni viongozi. Chagueni mambo manne tu na myafikishe mwisho: kikao cha wiki, Njia ya Msalaba (sala ya kupita vituo vya mateso ya Yesu), sadaka ambayo kila mtu anajua imeishia wapi, na kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre. Mengine yakipatikana, vizuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kalenda ya liturujia ya mwaka huo. Kitabu cha Kampeni ya Kwaresima, kile kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu. Kiulizie ofisi ya parokia mapema, na chukua angalau viwili, kwa sababu kimoja kitapotelea nyumbani kwa mtu. Biblia. Vitabu vya Njia ya Msalaba, au nakala chache. Msalaba wa mbao. Mishumaa, kiberiti na tochi. Bahasha au kisanduku chenye kufuli. Daftari jipya la pesa, si lile la mahudhurio. Na orodha ya wagonjwa na wazee wa jumuiya walio nyumbani, yenye maelezo ya nyumba zao, maana "pale karibu na posho mill" hakumsaidii padre aliyekuja juzi.

Hatua

1. Hesabu siku, kisha gawa nyumba.

Chukua mfano wa 2027. Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Ukihesabu kuanzia Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46, na hapo ndipo wengi hupiga simu wakisema kalenda imekosea. Haijakosea. Toa Jumapili sita, ambazo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga, na arobaini zako zitabaki.

Andika Ijumaa zote kwenye karatasi moja, na kando ya kila wiki jina la familia itakayopokea kikao. Usisubiri watu wajitolee kikaoni. Wapigie au uwapitie mmoja mmoja. Anza na nyumba ndogo, chumba kimoja kama kipo, ili mwenye chumba kimoja wa wiki ya nne asione haya baada ya kupita sebule zenye makochi matatu.

2. Kusanya matawi ya mwaka jana.

Majivu hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi iliyopita, yale yaliyochomekwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu na kujaa vumbi. Tangaza Jumapili mbili kabla ili watu wayarudishe kanisani. Yakague: ondoa utepe, pini na kamba za plastiki, kwa sababu plastiki ikiungua huacha lami nyeusi inayonata. Kuchoma ni kazi ya parokia. Kama mko kigango cha mbali, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, na katekista amewaachia kazi hiyo, chomeni kwenye sufuria kavu, msitie mafuta ya taa, na msikoroge na maji. Majivu na maji huweza kuchubua ngozi, na watoto ndio watakaolia.

3. Jumatano ya Majivu.

Si sikukuu ya amri, yaani siku ambayo Misa ni lazima, kwa hiyo aliyeshindwa kutoka kazini hajatenda dhambi, ingawa kanisa litajaa kuliko Jumapili nyingi. Yeyote anaweza kupakwa majivu: mtoto, mkatekumeni anayejiandaa kubatizwa, jirani wa kanisa lingine aliyekusindikiza. Kuyapangusa baadaye pia si kosa. Mwendesha boda mmoja aliniuliza kama yakifutwa na kofia ya chuma lazima arudi kanisani apakwe tena. Hapana, panda pikipiki yako uende zako.

4. Waeleze watu sheria ya kufunga, yote, siku moja.

Hapa ndipo penye kelele nyingi, kwa hiyo tumia muda. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kufunga na kuacha nyama.

Kufunga ni siku mbili tu kwa sheria, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Unakula mlo mmoja kamili, na unaweza kuongeza viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifiki mlo mmoja. Maji na dawa vinaruhusiwa. Usiwaambie watu wasimeze mate. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza wiki ile ile ya Majivu, na katika ploti zetu, ambako Mkatoliki na Mwislamu wanachota maji bomba moja, watu walianza kulinganisha na kuona aibu. Jirani ana utaratibu wake, nasi tuna wetu.

Kuacha nyama ni siku hizo mbili pamoja na Ijumaa zote za Kwaresima, na kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14, bila kikomo cha uzee. Nyanya wa miaka themanini mwenye afya yake naye yumo.

Sasa, kuku. Tatizo ni lugha yetu wenyewe. Kwetu ukisema "leo tunakula nyama" kila mtu anaona ng'ombe au mbuzi, na kuku anabaki kuwa kuku. Kwa Waluhya wa jumuiya yetu kuku ana heshima ya peke yake kabisa, hayuko kundi moja na robo kilo ya buchani. Lakini kwa sheria hii kuku ni nyama, bata ni nyama, matumbo ni nyama, na smoki, ile soseji ya stejini yenye kachumbari, ni nyama. Supu ya mifupa iache pia. Usitafute mlango wa nyuma. Mayai, maziwa na samaki vinaruhusiwa. Kumbikumbi wakitoka na mvua ya Machi, kula. Niliwahi kumpelekea katekista swali hilo nikiwa sina uhakika kama ananicheka mimi au swali.

Na samaki? Kisumu hii! Mtu anaacha nyama Ijumaa, anashuka ufuoni Dunga, anaagiza ngege mzima wa kukaanga na ugali, anarudi nyumbani akiwa ameitimiza sheria na ameshiba kuliko Krismasi. Hajavunja kitu. Lakini kwetu samaki mkubwa ndiye karamu yenyewe. Ushauri wangu ni omena (dagaa), au mboga kama osuga na mrenda, au maharagwe, na tofauti ya bei iingie kwenye bahasha utakayoisoma kwenye hatua ya 8. Usipojua tofauti ya bei imeenda wapi, ujue umebadilisha menyu tu.

Jambo moja ambalo viongozi wengi hawalijui: sherehe kuu ikiangukia Ijumaa, katazo la nyama huondoka siku hiyo. Mwaka 2027 Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, inaangukia Ijumaa. Tangaza mapema, la sivyo utapata watu wanaoripotiana kwa paroko.

5. Kila nyumba ichague jambo moja.

Moja. Liwe dogo na lionekane: soda, sukari ya pili kwenye chai, dau za mechi kwenye simu, televisheni wakati wa chakula. Mtu akikuambia ameacha pombe, sukari, simu na hasira kwa pamoja, mwombee, kisha mwulize tena wiki ya pili. Watoto waache wachague wenyewe. Wa kwangu alisema ataacha kuosha vyombo, tukajadiliana.

6. Kikao cha wiki, saa moja, si zaidi.

Kitabu cha Kampeni kina mada tano za wiki tano. Kila mada ina picha, kisa, maandiko na maswali, na mtiririko wake ni kuona, kuamua na kutenda. Anza na picha. Izungushe mkono kwa mkono, uliza wanaona nini, kisha nyamaza. Kimya cha dakika moja hakijamuua mtu. Kisa kisomwe kwa Kiswahili na mtu mwenye sauti, na kama kuna wazee, mtu awafafanulie kwa Dholuo au Kiluhya. Kwetu kuna wajukuu wasioelewa Dholuo na nyanya wasioelewa kingine, na wote wako kwenye mkeka mmoja.

Kosa kubwa ni katibu kusoma kitabu chote kuanzia jalada hadi jalada huku watu wakisinzia. Kosa la pili ni kuishia kwenye "kuona" na "kuamua": watu wanaichambua serikali ya kaunti kwa dakika arobaini, wanasali, wanaenda. Kabla ya sala ya mwisho, uliza: wiki hii nani anafanya nini, na lini? Andika. Wiki ijayo anza kwa kusoma ulichoandika.

Kuhusu chai: kubalianeni wiki ya kwanza kwamba hakuna kuandaa. Ukiacha mlango wazi, wa kwanza atatoa chai ya rangi, wa pili chai ya maziwa na mandazi, wa tatu chapati, na wa nne atajidai amesafiri kwa sababu hana cha kuwazidi. Nimeona hivyo kwa macho yangu. Maji ya kunywa yanatosha.

7. Njia ya Msalaba.

Kanisani huwa kila Ijumaa. Ya mtaani, ya jumuiya, fanyeni angalau moja kabla ya Juma Kuu. Vituo ni 14. Tembea njia nzima mwenyewe siku mbili kabla, ukihesabu milango, na omba ruhusa kwa kila nyumba itakayokuwa kituo, hata zile zisizo za Wakatoliki. Majirani wetu wengi hukubali, na wengine huweka meza na kitambaa cheupe kabla hujamaliza kuomba. Kituo kimoja kiwe mlangoni kwa mgonjwa asiyeweza kutoka. Mimi humwekea cha tano, Simoni wa Kirene, na watu humsogelea badala ya kupita.

Gawa wasomaji 14 kwa majina. Usiseme "mtu yeyote asome", utasoma wewe. Kila kituo kipewe dakika tatu, na mwendo wa katikati uwe mfupi. Yote imalizike ndani ya saa moja. Anzeni saa kumi na moja jioni, kwa maana hapa jua huzama karibu saa moja. Kuanzia katikati ya Machi angalia mawingu ya ziwani kuanzia mchana. Mvua ya masika hupenda jioni. Mkiwa mtavuka barabara kuu, watu wawili wenye nguo za kung'aa watangulie na wawili wafuate, na paroko awe amekiarifu kituo cha polisi.

Msalaba: kagua uzito. Mwaka mmoja vijana wetu walitengeneza msalaba wa mkalatusi mbichi, mzuri sana, na ulipofika kituo cha tatu tulikuwa tunaanguka kweli. Tumia mbao kavu. Kipimo changu ni kwamba mama wa miaka sitini aweze kuubeba kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ukibebwa na vijana wenye misuli peke yao, wengine wamegeuka watazamaji.

8. Sadaka, na pesa kwa jumla.

Kila nyumba ipate bahasha wiki ya kwanza, iandikwe jina, irudi Jumapili ya Matawi au siku atakayotaja paroko. Pesa hizi ni za Kampeni na zina njia yake ya kwenda parokia na jimbo. Msizichanganye na michango ya jumuiya, matanga au harambee ya kanisa, hata mkiahidiana kurudisha.

Siku ya kuhesabu wawepo watu watatu: mweka hazina, katibu, na mtu mmoja asiye kiongozi. Hesabuni mezani, andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie sahihi. Pelekeni ofisini siku hiyo hiyo na mrudi na risiti. Isomeni risiti mbele ya watu kikaoni.

Msikusanye kwenye simu ya mtu binafsi. Sisi tulifanya hivyo mwaka mmoja kwa urahisi, simu ikaibiwa kwenye matatu, na ingawa pesa zilipatikana baadaye, maneno yaliyosemwa kabla hazijapatikana hayakurudi mfukoni. Mwenye simu alikuwa mwaminifu. Aliacha kuja jumuiya kwa mwaka mzima.

Mbali na bahasha, fanyeni tendo moja la huruma la pamoja. Familia moja, mahitaji yanayojulikana: unga, sabuni, karo iliyobaki kidogo, paa linalovuja. Mkienda kuwaona wagonjwa Hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi bado tunaiita Russia, ulizeni kwanza saa za kuona wagonjwa, nendeni wachache, na mwulizeni mgonjwa anachohitaji kabla ya kununua. Mara nyingi si maembe, ni sabuni na nepi za watu wazima.

Na tafadhali, picha. Msimpige picha mwenye shida akipokea unga ili mweke kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Andikeni kwenye daftari, na padre akitaka ushahidi mpeni daftari.

9. Kitubio.

Nendeni wiki ya pili au ya tatu. Ukisubiri Juma Kuu utakuta foleni inayozunguka kanisa. Ulizia siku ambayo mapadre wa parokia jirani watakuja kusaidiana, na mpange kwenda pamoja kama jumuiya. Aliye na miaka mingi hajaungama aseme hivyo anapoanza, padre atamwongoza. Hakuna haja ya kukariri sala chumbani kwa hofu. Ungama dhambi zako. Za mume wako ataziungama mwenyewe.

10. Juma Kuu.

Jumapili ya Matawi, fikeni mapema, maandamano huanzia nje. Kwaresima yenyewe inaisha Alhamisi Kuu, kabla ya Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana. Baada ya Misa hiyo kuna kukesha mbele ya Ekaristi hadi usiku wa manane. Parokia nyingi hugawa saa kwa jumuiya, kwa hiyo jua saa yenu na mjue nani ana gari. Ijumaa Kuu hakuna Misa, kuna ibada, kwa kawaida saa tisa alasiri, na sadaka ya siku hiyo ni kwa ajili ya Nchi Takatifu. Jumamosi usiku ni Kesha la Pasaka: beba mshumaa wako na kipande cha karatasi ngumu cha kuzuia nta, na panga usafiri wa kurudi kabla hujatoka nyumbani.

Mambo yanapoharibika

Matanga yameangukia Ijumaa na nyama imepikwa. Hili ni swali la kila mwaka, kwa kuwa mazishi yetu mengi ni Ijumaa na Jumamosi. Kama wewe ni mwanajumuiya unayesaidia jikoni, zungumza na familia mapema ili pawe na sufuria ya maharagwe au omena. Kama umefika ugenini, kula ugali na mboga bila kutoa hotuba. Wafiwa hawajakualika kuwahukumu. Kukiwa na ugumu wa kweli, paroko ana mamlaka ya kuruhusu, mpigie.

Umesahau, umekula nyama. Ukikumbuka katikati ya sahani, acha. Ukikumbuka usiku, fanya tendo jingine la toba na ulale. Kusahau si dharau.

Mgonjwa wa sukari, mama mjamzito au anayenyonyesha, anayemeza dawa zinazohitaji chakula, mjenzi wa kazi nzito. Hawa wasifunge kwa kujiumiza. Mwenye sukari akizimia kwenye kituo cha saba hujafanya Njia ya Msalaba, umefanya kazi ya ambulensi. Wapewe namna nyingine: sala, kutembelea mtu, kusamehe deni dogo.

Mume au mke ni wa kanisa lingine. Usimlazimishe mtu aache nyama kwa ajili yako. Pika mboga ya watu wote, au pika mbili, na usinune.

Kwaya inataka ngoma. Katika Kwaresima Aleluya haiimbwi, wimbo wa Utukufu haupo isipokuwa siku za sherehe na sikukuu na Alhamisi Kuu, na vyombo hutumika kushikilia uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, ile ya rangi ya waridi, na siku za sherehe na sikukuu. Mpe mwalimu wa kwaya orodha hiyo kabla ya mazoezi, si baada ya Misa.

Mvua imewakuta kituo cha nane. Ingieni veranda iliyo karibu, malizieni vituo vilivyobaki hapo hapo mkiwa mmesimama. Kuahirisha hadi wiki ijayo ni kuahirisha hadi mwaka ujao.

Wiki ya tatu watu wamepungua. Usiwaandikie ujumbe mrefu kwenye kundi wa kuwakumbusha jehanamu. Angalia orodha, tafuta nani hajaonekana mara mbili, umpitie nyumbani na mtu mwingine mmoja. Utakuta mmoja anauguza, mwingine amehama, na mwingine ana deni la jumuiya analoona haya kulitaja. Huyo wa mwisho mwombe awe mwenyeji wa kikao kinachofuata, na uende mapema na viti vyako.